Namba yangu inasema nimeshachukua mifuko 6 ya mbolea ya ruzuku. Nani kachukua?

#1 MuhaWaMlimani
Wakuu, mwakeye.

Mimi ni mkulima upande wa Kasulu, kata za juu huku, mahindi na maharage. Niliandikishwa kwenye mfumo wa ruzuku mwaka 2022 kwa mtendaji wa kijiji: jina, NIDA, ekari tatu za mahindi, namba ya simu. Msimu huu mvua imeshashika, nikauza mbuzi wawili na gunia la maharage, nikapanda bodaboda hadi kwa wakala mjini. Foleni imetoka mpaka barabarani.

Zamu yangu ilipofika, kijana akaingiza namba yangu ya mkulima, akaangalia simu, akaniangalia mimi. "Mzee, wewe umeshamaliza. DAP mitatu ya kupandia, Urea mitatu ya kukuzia." Nikamwambia sijachukua hata kilo. Akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Majina yangu yote matatu yapo, na salio ni sifuri. Nyuma watu wameshaanza: mzee pisha, mzee pisha.

Maswali yangu ni mawili. Nani kachukua? Na hili linarekebishika kabla mahindi hayajafika magotini?

#2 KarangaMfukoni
Nimekaa siti ya mbele. Endeleeni.

#3 Mchumi_wa_Mwanga
Pole mzee, ila usihangaike kutafuta mchawi. Ni wakala.

Ielewe pesa inavyotembea. Serikali haikupi wewe hela mkononi. Chukua bei za mwaka ule wa kwanza, 2022: DAP sokoni ilikuwa kama 131,000 kwa mfuko wa kilo 50, mkulima aliyesajiliwa analipa 70,000. Hiyo 61,000 inayobaki inadaiwa serikalini, na inadaiwa kwa namba ya mkulima. Bila namba hakuna dai.

Sasa anatokea tajiri hajasajiliwa, anataka mifuko 40 leo leo na hataki maswali. Anatoa laki moja kwa mfuko, taslimu. Mifuko ile lazima ionekane imechukuliwa na wakulima. Ndipo zinatafutwa namba za wazee waliochelewa kufika mjini.

#4 KauntaUrambo
@Mchumi_wa_Mwanga umeanza vizuri, umemalizia vibaya. Mimi nimesimama kaunta ya duka la pembejeo Urambo, najua kilichopo.

Ile tofauti haiendi kwa wakala wa rejareja. Anayeidai serikali ni kampuni iliyoingiza au iliyotengeneza mbolea. Wakala ana kafaida kake kadogo kwa kila mfuko, basi. Akiuza mfuko bila kuskani ile alama iliyobandikwa, mzigo unabaki unasoma uko kwake na maelezo atayatoa yeye.

Tatizo la kweli ni mtandao. Ukikata saa tano asubuhi na foleni iko nje, unafanyaje? Unaandika namba kwenye daftari, unatoa mbolea, jioni ndiyo unaingiza. Sasa mtu kaandika huku anafokewa. Saba inakuwa moja, tatu inakuwa nane. Yule aliyechukua mbolea anabaki na salio lake, na mzee wa Kasulu ambaye hata hakuja anaonekana amemaliza.

#5 Mchumi_wa_Mwanga
Kwa hiyo daftari limekosea DAP mitatu na Urea mitatu, sawasawa na haki yake yote? Daftari lenye akili hilo.

#6 KauntaUrambo
Mwenye ekari tatu anachukua mitatu mitatu. Wenye ekari tatu wako wengi kuliko unavyodhani, wewe mtu wa lami.

#7 BintiUvinza
Mleta uzi, kabla hujamsakama wakala, jibu hili: namba ya simu iliyo kwenye mfumo ni yako? Ukinunua, meseji inaingia kwenye simu iliyosajiliwa. Wewe hujaona meseji. Basi ama haikutumwa, ama iliingia kwa mtu mwingine. Piga *152*00# uingie upande wa kilimo, au muulize bwana shamba akusomee taarifa zako.

#8 Mzalendo_Halisi
Mbona mnazunguka? Kigoma imepakana na nani? Mbolea yenu iko Burundi. Mfuko wa ruzuku ukivuka mpaka unauzwa bei ya juu. Kila mwaka wanakamatwa wenye malori usiku, halafu mnakuja kuulizana hapa nani kachukua.

#9 Manyovu_Mpakani
@Mzalendo_Halisi unaandika ukiwa wapi? Mimi niko Manyovu, mpaka nauona nikiwa uani. Baiskeli zinapita na mihogo, ndizi, mafuta ya mawese, mbolea nayo haikosi. Ila huyu mzee kaibiwa NAMBA. Mvushaji hana haja na namba ya mtu. Ananunua mfuko kwa mkulima mwenyewe aliyeuchukua kihalali, anampa elfu kumi juu, wanaachana kwa amani.

Halafu na wao Burundi wana ruzuku yao, na kiwanda chao. Hata kile cha Nala pale Dodoma kinachotoa mbolea ya FOMI, mwekezaji katoka huko huko.

#10 Mzalendo_Halisi
Kwa hiyo umekiri inavuka. Asante.

#11 Manyovu_Mpakani
Soma tena, taratibu.

#12 BabuWaVocha
Vijana mnashangaa mambo ambayo sisi tulishayazoea. Wakati wa vocha, ule mpango ulioanza kwa upana msimu wa 2008/09 ukakoma 2013/14, hakukuwa na simu wala kuskani. Kulikuwa na karatasi. Kaya iliyochaguliwa ilipata vocha tatu za ekari moja: ya mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na ya mbegu. Vocha inalipa nusu, wewe unajazia nusu. Wakala anakusanya vocha zake anapeleka NMB kulipwa.

Kuchagua kaya ilikuwa kazi ya kamati ya vocha ya kijiji, wanaume watatu na wanawake watatu. Kwenye karatasi ilikuwa safi kabisa.

Kilichotokea kijijini kwetu ni kwamba masikini alichaguliwa kweli, lakini ile nusu ya kujazia hana. Vocha yake itaoza ndani. Wakala anakuja na pikipiki jioni: mzee, weka dole gumba hapa, shika elfu tano ya sukari. Vocha inaenda benki, mbolea haikutoka stoo. Kwenye kitabu masikini amelima kisasa. Naye mwenyewe hakulalamika, kwa sababu alipata elfu tano ambayo asingeipata.

Kwa hiyo mwenzetu jiulize kama kuna siku uliweka dole gumba mahali.

#13 MuhaWaMlimani
Babu, sijaweka dole mahali. Na elfu tano sijaiona.

#14 KarangaMfukoni
Hapo kwenye elfu tano mzee kaumia zaidi kuliko kwenye mbolea 😂

#15 MamaPili_Kibondo
Mimi nina yangu, msinicheke. Mume wangu alifariki kabla ya huu mfumo. Shamba nalima mimi, wanangu wananisaidia. Siku ya kuandikisha nilikuwa kliniki na mtoto, shemeji akaniambia usijali nitakuandikisha. Kaandikisha kweli, ila kwa jina lake, ekari zangu kaziunganisha na zake. Msimu wa kwanza kaniletea mfuko mmoja wa Urea, kasema ndio uliotoka. Wa pili hajaleta kitu. Nikienda kwa mtendaji naambiwa mama hili ni la kifamilia, kaeni mzungumze.

Kwa hiyo kaka yangu wa Kasulu, kabla ya kumtafuta wakala na Mrundi, angalia ndani ya ukoo. Namba yako nani anaijua?

#16 BintiUvinza
Pole dada. Usiishie kwa mtendaji, nenda kwa afisa kilimo wa kata ukajiandikishe kwa NIDA yako mwenyewe. Kumiliki hati siyo sharti, wengi wetu tunalima mashamba ya kukodi na tumeandikishwa. Mtendaji na mwenyekiti wanathibitisha tu kwamba unalima.

#17 MamaPili_Kibondo
Ahsante mdogo wangu. Mwenyekiti mwenyewe ni shemeji yake na huyo shemeji. Nitajaribu.

#18 Mtendaji_Mstaafu
Nimewasoma wote, na kila mmoja ana kidole cha kumnyoshea mtendaji. Haya nisikilizeni.

Uandikishaji ule wa 2022 ulikuja kwa kasi. Rais kazindua Nane Nane Mbeya, Agosti, na mvua za Kigoma zinaanza Oktoba. Hesabu mwenyewe. Nimekaa chini ya mwembe wa ofisi, meza ya kuazima shuleni, watu wamejipanga toka alfajiri. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya choo cha zahanati. Nusu ya watu hawana simu. Utamwandikaje mtu asiye na simu? "Weka ya jirani." "Weka ya mwanangu yuko Mwanza." Jirani mmoja alibeba kaya saba kwenye simu yake, na wote walikubali kwa hiari wakicheka.

Wengine walitoa laini ambazo walizitupa mwezi uliofuata. Laini isipotumika muda mrefu kampuni inamuuzia mtu mwingine. Leo meseji za mbolea yako zinaingia kwa muuza mitumba wa Tabora asiyejua hata DAP inaliwa au inapakwa.

Na ekari je? Mimi nitapima na nini? Mtu akisema tatu naandika tatu. Kuna aliyesema kumi, shamba lake lote nalifahamu, kuku wanalimaliza kwa asubuhi moja.

#19 Mchumi_wa_Mwanga
Ukamwandikia kumi?

#20 Mtendaji_Mstaafu
Ni mjomba wa diwani.

#21 KarangaMfukoni
Uzi umefika patamu.

#22 Mnyamwezi_wa_Sikonge
Watani zangu Waha kwa kulia! Mifuko sita mmejaza kurasa. Njooni kwenye tumbaku mjue ruzuku ni kitu gani. Sisi mbolea yetu, NPK 10-18-24, inakuja kupitia chama cha msingi kwa mkopo. Unasaini mbolea, dawa, nyuzi, magunia, hata miti ya kupanda. Bei ya tumbaku inatajwa kwa dola, deni linakatwa kwanza, kinachobaki ndicho unachokiona, na siku ya kukiona anaijua Mungu. Mkulima wa mahindi anajua amelipa kiasi gani siku ile ile aliyobeba mfuko. Mimi najua baada ya mauzo, nikiwa nimeshakula na kulala.

#23 Manyovu_Mpakani
Lakini mwaka wa tumbaku nzuri mnaoa wa pili, hatuwasikii humu.

#24 Mnyamwezi_wa_Sikonge
Hilo ni suala la afya ya ndoa, lisiingizwe kwenye pembejeo.

#25 Mzalendo_Halisi
Tatizo ni kwamba serikali ilitoa bilioni 954 za ruzuku ya mbolea na hakuna aliyezisimamia. Bilioni 954! Ziko wapi?

#26 BintiUvinza
Hapana. 954 ilikuwa bajeti ya Wizara ya Kilimo nzima ya 2022/23, iliyopanda kutoka 294 ya mwaka uliotangulia. Ruzuku ya mbolea humo ilitajwa bilioni 150. Kingine kilikuwa umwagiliaji, mbegu, utafiti na mengineyo. Ukilalamika lalamika, ila kwa namba sahihi.

#27 Mzalendo_Halisi
150 nayo siyo hela ya vocha ya simu.

#28 BwanaShamba_Kalinzi
Habari zenu. Mleta uzi, wakati unafuatilia haki yako mahindi hayakusubiri, kwa hiyo niruhusu niongee shamba kidogo.

Udongo wa milimani huko kwenu una asidi. Ukiwa na samadi iliyoiva, weka kiganja kimoja kwenye shimo, funika udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Kama utapata mbolea ya Minjingu kwa bei unayoiweza, kwa udongo wa aina hiyo inafanya kazi nzuri tu ya kupandia, fosifeti yake inayeyuka vizuri kwenye asidi. Chokaa ya kilimo ingesaidia zaidi, ila hiyo inawekwa mapema kabla ya kupanda, msimu huu imeshapita. Hela uliyonayo iweke kwenye Urea. Weka udongo ukiwa na unyevu na uifukie, usiimwage juu jua likiwaka, itapotea hewani.

Usigawe mfuko mmoja ekari tatu. Weka ekari moja ipate ya kutosha, mbili zipande maharage na mihogo.

#29 Shamba_la_Simu
Bwana shamba, na hizo FOMI chenga za kahawia zinafaa? Kwetu watu wamegoma, wanasema mbolea isiyo nyeupe siyo mbolea.

#30 BwanaShamba_Kalinzi
Rangi haioti. Soma vipimo vilivyoandikwa kwenye mfuko na utumie kama ilivyoelekezwa. Wengi walimwaga kiasi kile kile cha DAP wakasema haina nguvu.

#31 Kakonko_Yetu
Kuna jambo halijasemwa: umbali. Wakala yuko mjini, kijiji kiko porini, bodaboda ya mifuko miwili inakula ile nafuu ya ruzuku yenyewe. Sisi tunachofanya, watu kumi tunachanga, tunampa kijana mmoja namba zetu zote na hela, anakodi kirikuu anakwenda kubeba. Namba zetu ziko kwenye kikaratasi kimoja kinachozunguka kijiji kizima. Nani atashangaa siku moja mojawapo ikitumika mara isiyojulikana?

Na wapo wanaokodisha kabisa. Mtu hana hela ya mbolea msimu huu, anampa mwenye hela namba yake kwa elfu kumi. Siyo wizi, wote wameridhika, lakini kwenye mfumo jina ni la masikini na mahindi ni ya tajiri.

#32 BabuWaVocha
Elfu tano imekuwa elfu kumi. Maendeleo hayo.

#33 MuhaWaMlimani
Wakuu, nimerudi. Nashukuru kwa michango, na bwana shamba nimekuelewa, samadi ninayo.

Nimefika ofisi ya kilimo. Dada wa pale kanipokea vizuri, kafungua kompyuta. @BintiUvinza ulikuwa sahihi: namba ya simu iliyoandikwa siyo yangu. Tarakimu mbili za mwisho zimepinduliwa, yangu inaishia 74, huko imeandikwa 47. Nyingine zote sawa.

Lakini subirini. Mifuko haikuchukuliwa Kasulu. Imesomeka kwa wakala wa Kibondo. Mimi Kibondo nina miaka sijakanyaga. Imechukuliwa yote sita kwa mkupuo, siku moja.

Nimeambiwa niandike barua, niambatanishe nakala ya NIDA, mtendaji na mwenyekiti wagonge mihuri, ipande juu.

#34 Mzalendo_Halisi
KIBONDO. Kibondo imepakana na nani?

#35 Manyovu_Mpakani
Imepakana pia na Kakonko na Kasulu, jiografia ni somo zuri.

#36 BintiUvinza
Hapo sasa inaeleweka. Mwenye 47 alipokea meseji ya namba ya mkulima wakati wa usajili. Kaiona, kaitunza, kaitumia.

#37 KauntaUrambo
Halafu mwenye 47 kwa bahati anaishi Kibondo, kwa bahati ni mkulima, kwa bahati ana hela ya mifuko sita mkononi? Laini inaweza kuwa ya mtu wa Lindi. Bado nasema daftari. Kibondo nao wanakatikiwa na mtandao.

#38 Mchumi_wa_Mwanga
Daftari la Kibondo limeandika namba ya mtu wa Kasulu? Hapo umeshindwa, kaka. Hizo ni orodha za namba zinazotembea kati ya mawakala. Anayeingiza anajua kabisa kwamba mwenye namba hatatokea pale dukani.

#39 Kakonko_Yetu
Au mtu wa Kibondo amekodi namba kwa mtu wa Kasulu anayemjua mzee. @MamaPili_Kibondo alisema angalia ukoo. Mzee una ndugu Kibondo?

#40 MuhaWaMlimani
Muha gani hana ndugu Kibondo?

#41 Mtendaji_Mstaafu
Piga hiyo ya 47 usikie nani anapokea. Ila kwa adabu, inaweza kuwa mwenzio naye kaibiwa.

#42 MuhaWaMlimani
Nimepiga. Kapokea mama mmoja, lafudhi ya pwani, anasema anauza maandazi na meseji za mbolea zinamjia kila msimu, huwa anazifuta. Namba ya mkulima anasema haijui, na Kibondo kaniuliza iko mkoa gani.

#43 KauntaUrambo
😂😂 Daftari. Nasema tena, daftari.

#44 Mchumi_wa_Mwanga
Muuza maandazi kutoijua Kibondo hakumsafishi wakala hata kidogo. Kunamtoa muuza maandazi peke yake.

#45 MuhaWaMlimani
Barua nimeshapeleka na mihuri yake yote. Kwa sasa nimenunua Urea mfuko mmoja kwa bei ya dukani, bila ruzuku, duka lingine kabisa. Nimetoa hela nzima, nimepewa mfuko. Nikiwa naupakia, mwenye duka kaniita, kasema nimwachie namba yangu ya mkulima "ya kufungia hesabu".

#46 Mchumi_wa_Mwanga
Nini nilisema kwenye #3?

#47 BintiUvinza
Mzee usimpe! Na ungeomba risiti yenye bei uliyolipa.

#48 MuhaWaMlimani
Namba nimemwambia imeshaisha, haina kitu. Kajibu haina shida, yeye anazo nyingine. Risiti kaandika kwa mkono, bei kaiacha wazi.